Picha ya Nini Hii? Mchoro Mmoja Ukutani na Urafiki wa Miaka Arobaini

Jumapili moja tulikuwa watu watano sebuleni kwa rafiki yangu huko Iyumbu, pembezoni mwa jiji la Dodoma, tukisubiri pilau iive. Mwenye nyumba ni afisa ugani mstaafu. Miaka yote ya kazi watu walimwita Bwana Shamba, na mpaka leo mtaani hana jina jingine. Aliyekaa mkabala naye ni seremala mwenye karakana yake mwenyewe, na sote tunamwita Fundi. Wawili hawa wamejuana tangu wakiwa wanafunzi Mpwapwa. Wamesimamiana harusi na kusomesheana watoto, na mmoja alishawahi kuuza ng'ombe ili mwenzake atibiwe.

Ukutani, mahali ambapo siku zote palikuwa na kalenda, siku hiyo palining'inia picha mpya, kubwa kama meza ya kahawa. Ilikuwa matabaka ya rangi tu: kijivu juu, kahawia katikati, nyekundu iliyoiva chini, na mstari mweupe uliokatiza kwa kuyumba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hapakuwa na mtu ndani yake, wala mti, wala twiga.

Fundi aliitazama kwa muda. "Picha ya nini hii?"

"Si ya kitu. Ni picha tu."

"Shilingi ngapi?"

"Laki sita."

"Umepigwa, ndugu yangu," Fundi akasema akicheka. "Hii hata mjukuu wangu anachora."

Bwana Shamba hakucheka. "Wewe vitu hivi huwezi kuvielewa, Fundi."

Pilau ikaliwa, soda zikanywewa, watu wakaagana kwa heri. Fundi hakukanyaga tena nyumba ile kwa miezi minane.

Nimeshuhudia marafiki wakigombana kwa ajili ya mpaka wa shamba, mkopo usiolipwa, hata mpira. Ugomvi wa namna hiyo naufahamu unapoanzia na unapopita. Huu wa picha ulinichukua muda mrefu kuufumbua, na kadiri nilivyoufumbua ndivyo nilivyoona kwamba umeshawatokea watu wengi, wakiwemo wachoraji wakubwa duniani.

Jiwe lililorushwa kwenye picha

Yasikilize tena yale mazungumzo. Yanaonekana ni mabishano ya kitu kimoja, lakini ndani yake yamebanana maswali yasiyofanana hata kidogo. Je, kitu hiki ni sanaa? Hilo ni swali la jina, tunaita nini kwa nini. Je, kinapendeza? Hilo ni la jicho na moyo. Je, kina thamani ya laki sita? Hilo ni la soko. Halafu kuna la nne, ambalo hakuna aliyelitamka na ndilo lililouma: wewe unanionaje mimi?

Fundi aliposema "umepigwa" aliamini anajibu swali la bei. Bwana Shamba akasikia: akili imekuchuja, kijana wa mjini amekuzunguka mchana kweupe. Bwana Shamba aliposema "huwezi kuvielewa" aliamini anatetea alichokipenda. Fundi akasikia: hukusoma, wewe ni mshamba. Kila mmoja alirusha jiwe kwenye picha, likampata mwenzake.

Tena walikuwa mbele za watu, wake zao wakisikia. Kwetu tunao utani, na mtani wako akikuambia umepigwa unacheka, kwa sababu sheria za utani mnazijua wote na zamu yako ya kurudisha inakuja. Rafiki hana kinga hiyo. Maneno ya rafiki huchukuliwa kuwa ndiyo anayoyawaza kweli, na mtu akiishayaamini hivyo, kicheko hakiyapunguzi makali.

Lugha nayo imo

Kuna jambo nadhani halisemwi vya kutosha: Kiswahili chenyewe kinatuandaa kuikataa picha ya aina ile.

Chukua neno picha. Ya simu ni picha, ya sinema ni picha, na ukienda hospitali wakakupiga picha ya kifua, kinachoonekana ni kifua chako. Neno hili kila mara linavuta "ya" nyuma yake. Picha ya harusi, picha ya Mwalimu, picha ya pasipoti. Fundi alipouliza "picha ya nini" alikuwa anauliza swali ambalo lugha yake imemfundisha tangu utotoni kuwa lazima liwe na jibu. Kumwona mjinga kwa kuliuliza ni kumwonea.

Halafu kuna jina rasmi. Nchini kwetu uchoraji na uchongaji huwekwa katika kundi la sanaa za ufundi. Ndivyo linavyoitwa hata katika shughuli za Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Ni jina zuri, lakini linatoa ahadi: utakachokiona kitakuwa na ufundi, na ufundi huo utaonekana. Rafiki yangu Fundi akiingia nyumba ya mtu huvuta droo ya kabati nje na kuinama kutazama maungio. Kwake heshima ya kazi iko pale ambapo mikono ilihangaika. Akiwekewa mbele matabaka manne ya rangi, anatafuta maungio hayaoni, anahitimisha kwamba hapa hakuna aliyefanya kazi.

La tatu ni usanii. Mtaani, "acha usanii" maana yake ni acha kudanganya, acha kuzuga. Mwanasiasa akiahidi barabara asiilete, amefanya usanii. Sijui lugha nyingine ambayo jina la kazi ya msanii limeteleza likawa karibu jina la utapeli, na bado tunategemea mchoraji kijana auze kwa laki sita kitu kisichofanana na chochote bila kushukiwa. Anaanza mbio akiwa ameshafungwa mguu mmoja.

Hata pale ambapo kipimo ni kufanana, ugomvi haupungui. Februari 2024 sanamu ya Mwalimu Nyerere ilizinduliwa kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika huko Addis Ababa. Watanzania wakagawanyika siku hiyo hiyo: wengine wakasema hafanani, wengine wakasema mnataka nini, anafanana vya kutosha. Vijiweni hapa Dodoma, ambako sanamu yake nyingine imesimama Nyerere Square, watu waliinua sauti kwelikweli. Kila mmoja alikuwa na Mwalimu wake kichwani, na sanamu iliwajibika kwa Mwalimu huyo.

Macho hukubaliana wapi, hutengana wapi

Wapo watafiti waliolichunguza jambo hili kwa subira. Mwaka 2010, Edward Vessel na Nava Rubin walichapisha utafiti ambao watu walioneshwa picha za mandhari halisi na picha dhahania, yaani zile ambazo wachoraji wenyewe huziita abstrakti, wakaulizwa wanapendelea zipi. Kwa mandhari halisi, chaguo za watu zilikaribiana sana. Kwa zile dhahania kila mtu akaenda njia yake. Sababu inayotolewa ni kwamba mandhari halisi huja na maana ambayo wengi tunaishiriki: maji, kivuli, njia inayoelekea mahali. Mchoro dhahania hauji na maana hiyo, kwa hiyo kila mtu analeta ya kwake kutoka kwenye ghala la maisha yake.

Nilipolijua hilo nilimrudia Bwana Shamba nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza mwanzo: ulipoiona ulikumbuka nini?

Akanieleza kwamba katika kazi yake alikuwa akichimba mashimo ya kupima udongo, huko Hombolo na vijiji vingine, marefu kama kimo cha mtu. Unashuka ndani, unasimama mbele ya ukuta wa shimo, unasoma matabaka: kijivu juu, kahawia, nyekundu, na pengine mstari mweupe wa chokaa unaokueleza maji yamekuwa yakiishia wapi. Alipoiona ile picha kwenye maonyesho madogo hapa jijini alisimama kama aliyeitwa jina. Aliona miaka thelathini ya kazi yake. Kijana aliyeichora, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwaza udongo kabisa.

Nikamuuliza: kwa nini Fundi hukumwambia haya? Akanyamaza. Kisha akasema, "Aliniuliza bei."

Na ile kauli ya "hata mjukuu wangu anachora"? Nayo imepimwa. Mwaka 2011, Angelina Hawley-Dolan na Ellen Winner wa Boston College waliwaonesha wanafunzi 72, wengine wa sanaa na wengine wa saikolojia, picha mbili mbili. Moja ilikuwa ya mchoraji dhahania anayetambulika, nyingine ya mtoto mdogo au ya mnyama kama sokwe au tembo. Mara nyingine picha zilikuja na maelezo ya kweli, mara nyingine maelezo yalibadilishwa makusudi ili kazi ya mtoto isemwe ni ya msanii. Hata walipodanganywa hivyo, wanafunzi waliichagua kazi ya mchoraji zaidi ya nusu ya mara, karibu mara sita au saba katika kumi.

Matokeo hayo hayampi ushindi yeyote kati ya rafiki zangu. Yanasema kwamba katika kazi ile kuna kitu, nia fulani ya mkono, ambacho jicho hukinusa hata kama haliwezi kukitaja. Yanasema pia kwamba mara tatu au nne katika kumi watu walikosea. Kwa hiyo Fundi hakuwa sahihi kwamba mjukuu wake anaweza, na Bwana Shamba hakuwa na haki ya kumshangaa aliyedhani hivyo.

Safari ya Kolo

Miaka kadhaa kabla ya ugomvi ule nilipata nafasi ya kwenda Kolo, wilayani Kondoa, na Fundi alikuwa nami. Ni zaidi ya kilomita 150 kaskazini mwa jiji. Katika miamba ya huko kuna michoro ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Sehemu zenye michoro ni zaidi ya 150. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili kwa mkono. Mingi ya zamani ni ya rangi nyekundu: wanyama, na watu warefu wembamba kama vijiti, wengine vichwa vyao vimekuwa maduara makubwa yasiyo na uso. Baadaye ikaja michoro myeupe, mahali pengine imepakwa juu ya ile nyekundu.

Tulipanda tukihema, tukafika chini ya mwamba. Fundi alisimama bila kusema neno kwa muda ambao sikumtegemea. Hakuuliza "picha ya nini". Hakusema kwamba mjukuu wake anaweza. Aliuliza, "Walichanganya rangi na nini hata isitoke miaka yote hii?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi. Mbele ya mtu asiye na uso aliyechorwa kwa mistari sita, Fundi alitafuta ufundi na akaupata, maana umri wa kazi ulimhakikishia kwamba upo. Mchoro wa kijana wa leo haujapata muda wa kumpa uhakika huo. Hapo ndipo sanaa ya kisasa inapowatesa watu: inatutaka tuamini kabla wakati haujaamua.

Kuna la pili nililojifunza Kolo. Baadhi ya mapango yale bado ni mahali pa matambiko kwa watu wanaoishi jirani. Wengine hupanda kwenda kuomba mvua au uponyaji, na kwao mwamba ule ni mahali pa kutenda jambo. Wengine tunapanda kutazama, na tungependa mtu asiuguse. Watu wawili wanaweza kusimama mbele ya mchoro mmoja, wote wakiuheshimu kwa dhati, na bado wasikubaliane hata mchoro upo kwa ajili ya nini.

Nataja Kondoa pia kwa sababu ya wale wanaosema picha zisizofanana na kitu ni mambo ya Wazungu. Wachongaji wa Afrika hawakuwahi kuahidi kufanana. Mwaka 1907 mchoraji Pablo Picasso aliingia jumba la makumbusho la Trocadéro jijini Paris akakuta vinyago vya Afrika, na mwaka huo huo akamaliza picha ya wanawake watano, Les Demoiselles d'Avignon, ambayo nyuso mbili za upande wa kulia ni kama vinyago. Alipowaonesha rafiki zake wa karibu walifadhaika. Mchoraji mwenzake Georges Braque hakuipenda mwanzoni, mwingine, Henri Matisse, alikasirika, na picha ikakaa bila kuoneshwa hadharani mpaka 1916. Ugeni uliowaudhi ulikuwa umetoka kwetu. Wamakonde nao, kwenye miaka ya 1950, walianza kuchonga mashetani ya mpingo yenye viungo vilivyopinda ambavyo huwezi kuvipata kwa binadamu yeyote, na leo hakuna anayeuliza kama hiyo ni sanaa.

Huko Ulaya, kamera ilikuwa imeshawanyang'anya wachoraji kazi ya kufananisha. Tangu mbinu ya Mfaransa Daguerre ya kupiga picha itangazwe mwaka 1839, mtu aliyetaka sura yake ibaki alikuwa na njia ya haraka zaidi. Wachoraji wakabaki na swali: kama si kunakili, tunafanya nini? Majibu yao yalifika hadi mahakamani. Mwaka 1926 forodha ya Marekani iliitoza sanamu ya shaba ya Constantin Brancusi, ndege asiye na mabawa wala miguu, ushuru wa asilimia 40 kana kwamba ni kifaa cha chuma cha matumizi ya kawaida, kwa sababu haikufanana na ndege. Kesi ikaendeshwa hadi 1928, na mahakama ikaamua kwamba ni sanaa, ikikiri kuwa imezuka shule mpya ya wasanii wanaojaribu kueleza wazo badala ya kuiga umbo. Hakimu aliweza kujibu swali la kwanza tu kati ya yale manne. Mengine hayana mahakama.

Dakika moja ya kunyamaza

Mfano unaonigusa kuliko yote uko kinyume kabisa na wa rafiki zangu, na ndiyo maana nauamini.

Philip Guston alikuwa mchoraji wa Marekani aliyesifika katika miaka ya 1950 kwa picha dhahania, rangi zilizopumzika katikati ya turubai bila umbo. Rafiki yake mkubwa alikuwa mtunzi wa muziki Morton Feldman. Waliongea sanaa usiku kucha kwa miaka. Feldman aliuona muziki wake na michoro ya Guston kuwa ni ndugu. Kisha Guston akabadilika. Oktoba 1970 alifungua maonyesho New York katika ukumbi wa Marlborough, na ukutani palikuwa na viatu, sigara, balbu, na watu waliovaa kofia za vitambaa za Ku Klux Klan, kundi la kibaguzi la Wazungu wa Marekani, vyote vimechorwa kwa mistari minene kama katuni. Safari hii vitu vilionekana. Mtu yeyote angeweza kujibu "picha ya nini".

Feldman alisimama mbele ya picha moja. Guston akamsogelea akamuuliza anaonaje. Kwa simulizi yake mwenyewe, Feldman aliomba aitazame kwa dakika moja zaidi. Hapo urafiki ukaisha.

Dakika moja! Hakusema mbaya, hakusema umepigwa. Alisita tu, na aliyekuwa akisubiri akayasoma yote katika kule kusita. Nadhani Guston asingeumia hivyo kama angesitiwa na mtu wa mbali. Wachambuzi walimshambulia vikali magazetini na akaendelea kuchora. Lakini Feldman alikuwa shahidi wake. Tunapompenda rafiki tunampa kazi ya kutuona, na anaposhindwa kukiona tunachokipenda tunaogopa kwamba sisi wenyewe hatuoni tena.

Mwaka 1978 Guston alimchora Feldman, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande. Alifariki 1980, na Feldman ndiye aliyesoma Kadishi, sala ya Kiyahudi ya kumwombolezea marehemu, kwenye mazishi. Miaka minne baadaye alitunga muziki wenye jina la rafiki yake, unaopigwa kwa zaidi ya saa nne bila kupumzika. Nilipousikiliza kwa mara ya kwanza sikuuelewa. Niliuelewa urefu wake.

Kabati la mninga

Turudi Dodoma, kwa sababu kuna jambo sijalisema.

Katika miezi ile minane nilijaribu kuwapatanisha, nikafanya kosa. Nilikwenda karakana ya Fundi kumshawishi kwamba picha ni nzuri. Nilimweleza habari za Picasso na vinyago. Alinisikiliza akiendelea kupiga msasa, kisha akazima mashine akaniuliza kama nalikumbuka kabati la vyombo la pale kwa Bwana Shamba.

Nalikumbuka, ni la mninga, milango yake imeungwa bila msumari hata mmoja. Fundi alilitengeneza kwa wiki tano. Alitaja laki sita. Bwana Shamba akalia hali, wakavutana, wakaishia laki nne, na Fundi akakubali kwa sababu ni rafiki. "Mimi nilishushwa," akaniambia. "Yule kijana hakushushwa hata mia."

Sanaa ya kisasa ina tabia hii ya kuzifukua hesabu za zamani, kwa kuwa bei yake haina mzani ambao jirani anaweza kuuangalia. Mbao zina bei, siku za kazi zina bei, lakini matabaka manne ya rangi? Desemba 2019 huko Miami, msanii wa Italia Maurizio Cattelan aliuza ndizi iliyobandikwa ukutani kwa utepe kwa dola 120,000, na Novemba 2024 nakala ya kazi hiyo ikanunuliwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola milioni 6.2. Kinachouzwa hasa ni hati na maelekezo ya kuibandika. Ndizi yenyewe hubadilishwa ikioza. Mimi binafsi bei hiyo inaniudhi, na nadhani mtu anayevuna ndizi ana haki ya kuudhika zaidi yangu. Lakini hasira ya Fundi haikuwa ya ndizi ya Miami. Ilikuwa ya kabati.

Pierre Bourdieu, mwanasosholojia wa Ufaransa, aliwahoji watu zaidi ya 1,200 katika miaka ya 1960 kuhusu wanachopenda, kuanzia picha na muziki hadi chakula, na mwaka 1979 akachapisha hoja yake: tunachokiita ladha binafsi hufuata sana malezi, elimu na kipato, na watu hukitumia, mara nyingi bila kukusudia, kuonesha wako upande gani wa uzio. Dodoma ya leo inamwelewa vizuri. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, nyumba zimeota Iyumbu, Ilazo na kwingineko, zenye dari za jipsamu na kuta nyeupe zinazodai kuwekewa kitu. Rafiki wawili walioanzia darasa moja wanaweza kujikuta mmoja ana ukuta wa namna hiyo na mwingine ndiye anayeutengenezea milango. Picha isiyo ya kitu ikitundikwa hapo, inakuwa tangazo la umbali ambao wote wawili walikuwa wakijitahidi kutouona. Ndiyo maana neno "huwezi kuelewa" ni zito kuliko "umepigwa". La kwanza linafunga mlango, la pili linabisha hodi kwa fujo.

Nilimshauri Bwana Shamba amweleze Fundi habari za shimo la udongo. Hakuwa tayari. Nilimshauri Fundi aseme habari za kabati. Akasema mwanaume hadai mara mbili.

Kisha mama yake Bwana Shamba akafariki.

Asubuhi ya kwanza ya msiba, kabla hata ya majirani kujaa, Fundi alifika na vijana wa karakana na turubai. Hakuitwa. Walitoa makochi na meza nje ili mikeka itandikwe. Sebule ilipobaki tupu Fundi alisimama mbele ya ile picha, akaangalia mahali ambapo waombolezaji wangeegemea migongo, akaitungua. Aliifunga kwa khanga mbili, akaipeleka chumbani mwenyewe, akaiegemeza nyuma ya mlango uso ukiwa umeelekea ukutani.

Tulikaa pale siku zote za msiba, na hakuna aliyeizungumzia.

Tulipoanua matanga na viti kurudishwa ndani, Fundi alirudi na nyundo na pima maji. Aliing'oa ile misumari ya zamani akaweka mingine mirefu zaidi, akaitundika, akaweka pima maji juu yake, akainua kona ya kushoto kidogo, akapima tena. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu hadi kwenye kabati la mninga, akaitazama.

"Bado siioni," akasema.

"Kaa," Bwana Shamba akamwambia. Akavuta kiti kingine, akakiweka karibu na cha Fundi, akaanza kumweleza jinsi wanavyochimba shimo kule Hombolo.